Ukienda Ziwa Ngosi, Nenda na Siku Nzima

Watu wengi ninaopishana nao wakishuka Ngosi hawakuliona ziwa. Wanashuka wamelowa, tope limepanda hadi kwenye vifundo, na ukiwauliza habari za juu wanakwambia kulikuwa na ukungu mtupu. Ukiwauliza tena walikaa ukingoni kwa muda gani, wanasema dakika kumi, au robo saa, maana gari lilikuwa linawasubiri. Wametoka Mbeya mjini, wengine Dar es Salaam, wamelipa nauli, kiingilio na mwongozaji, wamepanda saa nzima na ushei wakihema, kisha wameondoka pengine nusu saa kabla ukungu haujafunguka. Nimeandika haya kwa ajili yao wakitaka kurudi, na kwa ajili yako unayepanga kwenda kwa mara ya kwanza.

Ngosi ni ziwa la kreta katika Milima ya Poroto, kusini mwa jiji la Mbeya, upande wa Rungwe. Mlima wenyewe ni volkano iliyobomoka kwa ndani, na bonde lililobaki likajaa maji. Kilele cha ukingo kinafika mita 2,620 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko chini sana ya hapo, limezungukwa na kuta za msitu zilizosimama wima, na lina urefu wa kama kilomita 2.5 na upana wa kilomita 1.5 hivi. Huoni mto unaotoka. Waongozaji watakwambia kuwa umbo lake ni ramani ya Afrika, na siku ya mwanga mzuri wageni huanza kubishana pembe ya Somalia iko upande gani.

Kabla ya yote, jambo dogo la jina. Wenyeji wanasema na kuandika Ngosi. Ramani nyingi, za zamani na za kwenye simu, zimeandika Ngozi, na hivyo ndivyo mradi wa jotoardhi wa eneo hilo unavyoitwa pia. Ukitafuta "Ngozi" peke yake kwenye simu, unaweza kuletewa mji wa Ngozi ulioko Burundi. Andika Ziwa Ngosi, Mbeya.

Sasa safari. Kutoka Mbeya unakwenda hadi Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoiacha barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam na kushika kusini. Gari lolote la Tukuyu litakufikisha. Mwambie kondakta mapema, na umkumbushe tena njiani, kwamba unashukia njia panda ya Ngosi, maana abiria wengi humo wanakwenda mbali zaidi na gari halina sababu ya kusimama bila kuambiwa. Kuna bango kando ya lami. Kutoka hapo hadi mguuni pa mlima ni kama kilomita saba za barabara ya vumbi, ambayo mvua ikinyesha haiitwi tena ya vumbi. Ukiwa na gari la juu utafika bila shida wakati wa kiangazi. Gari dogo liache barabarani, mahali penye mtu wa kuliangalia, uchukue bodaboda. Patana bei ya kwenda na kurudi pamoja, chukua namba ya simu ya dereva, na mpange saa ya kukufuata. Wengine hutembea kilomita hizo zote saba kati ya mashamba ya viazi mviringo, na ni matembezi mazuri. Lakini kumbuka kuwa utazitembea tena jioni, magoti yakiwa yamekwisha kufanya kazi ya siku nzima.

Msitu ni wa hifadhi na uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kiingilio hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba, na risiti unapewa. Ukikutana na mtu njiani anayetaka umpe fedha mkononi bila risiti, mwombe kwa adabu mwende wote ofisini. Viwango hubadilika, na vya raia si sawa na vya wageni kutoka nje, kwa hiyo piga simu au uliza Mbeya kabla ya kuondoka, na uwe na kitambulisho. Mwongozaji ni gharama ya pembeni. Usiikwepe. Vijana wa vijiji vile wamezaliwa na ule ukungu, wanajua mti gani umeanguka wiki iliyopita na umeziba njia gani, na wanajua lini mawingu yanatania na lini yamekuja kukaa. Mmoja wao aliwahi kunisimamisha ghafla katikati ya njia, akanyoosha kidole kwenye kijiti kilichokuwa karibu kabisa na sikio langu. Nilikuwa nimekipita kijiti kile bila kuona kitu. Juu yake alikuwa amekaa kinyonga wa pembe tatu, kijani kama majani yaliyomzunguka, jicho moja likinitazama mimi na la pili likimtazama yeye. Kinyonga huyu ni wa milima hii ya Poroto na majirani zake, humpati Kilimanjaro wala Usambara. Mwongozaji hakumgusa, nami nikushauri usimguse wala usikubali ashikwe ili upige picha. Huko nyuma vinyonga wa pembe wamekamatwa sana ili kuuzwa nje, na kumzoesha mgeni kulipia picha ya kinyonga aliyeshikwa ni kuendeleza biashara ile ile.

Saa ya kuanza ndiyo inayoamua kila kitu. Panga uwe mguuni pa mlima saa mbili asubuhi, au saa tatu ukichelewa sana. Kupanda ni saa moja hadi saa moja na nusu kwa mtu mwenye afya ya kawaida, na kwa mtu wa Pwani aliyefika jana yake ongeza nusu saa. Hewa ya mita 2,000 na kitu si ya Kariakoo, na kifua kitakukumbusha. Ukifika ukingoni saa nne au saa tano, una muda wa kukaa. Ukifika saa tisa alasiri huna muda wowote. Utapiga picha ya weupe na kugeuka.

Ukungu wa Ngosi hauna adabu ya saa. Kwa uzoefu wangu wa miezi ya kiangazi, hujaa alfajiri, hupasukapasuka jua likipanda, kisha mchana mawingu mengine huja kutoka upande wa Ziwa Nyasa yakipanda na upepo. Kati ya hapo kuna vipindi. Unakuwa umekaa kwenye mzizi, umeshika kikombe cha chai, mbele yako hakuna kitu isipokuwa pamba nyeupe inayopumua. Halafu upande wa kushoto, chini sana kuliko ulivyotarajia, linatokea doa la kijani kizito. Doa linapanuka. Unaona ukuta wa ng'ambo, miti yake ikiwa midogo kama mboga bustanini, na chini yake maji yasiyo na hata mkunjo mmoja. Watu wananyamaza bila kuambiwa. Dakika tano baadaye pazia limefungwa tena. Aliyekaa saa moja au mbili anaweza kuviona vipindi hivyo mara tatu au nne, na kila mara maji yana rangi nyingine, kijani au buluu, na wingu likipita juu yake, rangi ya risasi. Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu mmoja: ukifika juu, kaa. Vaa sweta, toa chakula, mwambie mwongozaji kabisa mnapoanza safari kwamba mtakaa saa mbili, na mpatane malipo yake kwa kuzingatia hilo ili asianze kutazama jua.

Kuhusu majira, Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Mvua huanza kama Novemba na kuendelea hadi Mei, na Machi na Aprili mlima ni mto wa tope. Juni na Julai ni kipupwe, njia inaanza kukauka ila baridi ni kali, na asubuhi mashamba ya chini huamka na umande mzito. Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi ninayowapendekezea wageni. Oktoba hewa ya mbali inaweza kuwa na moshi wa mashamba yanayochomwa, lakini ziwa liko chini ya miguu yako, moshi haukunyimi. Hata hivyo msitu wa juu haukauki kabisa mwezi wowote. Vaa viatu vyenye soli ya meno. Raba laini za mjini ni hatari hapa, na kandambili usizitaje. Wenyeji wengi hupanda na mabuti ya mvua, na hayo ya mpira unayapata kwa bei nafuu sokoni Mbeya. Chukua suruali ndefu, kwa sababu ya siafu na majani yanayowasha. Chukua koti la mvua hata kama anga ni jeupe, sweta ya kubadilisha ndani ya mfuko usiopenya maji, maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu, na tochi. Naam, tochi, hata kama unapanda asubuhi.

Nitakueleza kwa nini. Mwaka mmoja, msimu wa Pasaka, tulikuwa kundi la watu kumi na mmoja, ndugu wa ukoo mmoja na marafiki. Mwandaaji wa safari alituahidi kutuchukua saa moja asubuhi akafika saa nne na nusu, na hadi tunaanza kupanda ilikuwa saa saba na dakika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Pale mimi kama mwenyeji ndipo nilipopaswa kusema turudi, tule ndizi Tukuyu, tuje siku nyingine. Sikusema, kwa sababu watu walikuwa wamechanga fedha na nyuso zilikuwa na hamu. Tulifika ukingoni saa tisa na nusu, tukaona ukungu, tukageuka. Wakati wa kushuka shangazi yangu, mama wa miaka hamsini na nane anayelima mwenyewe na mwenye miguu imara kunishinda, alikanyaga mzizi uliochubuka gome. Mzizi wa namna hiyo ukilowa ni kama sabuni. Mguu ulikwenda, kifundo kikageuka, tukasikia mlio. Mwongozaji wetu, kijana mdogo, alivua kitenge begani mwa dada mmoja, akakifunga kifundo kwa kuzungusha umbo la nane, kisha akamwinamia shangazi na kumwambia, "Panda, mama." Walipokezana wanaume wanne kumbeba mgongoni. Kwenye msitu ule kiza huingia kabla ya nje, saa kumi na mbili huoni tena unapokanyaga, na kati ya watu kumi na mmoja tulikuwa na simu moja yenye chaji. Tulitoka saa mbili usiku. Shangazi alipona baada ya majuma kadhaa. Mimi tangu siku ile nina kanuni ambayo siilegezi kwa mtu yeyote: ikifika saa sita mchana hatujaanza kupanda, hatupandi. Na ikifika saa tisa, popote tulipo, tunashuka.

Ukumbuke pia kuwa kushuka ndiko kunakovunja watu. Wakati wa kupanda unahema na kwenda polepole, hatari ni ndogo. Wakati wa kushuka unacheka, una picha kwenye simu, magoti yamelegea. Chukua mkongojo. Weka mguu ubavuni, si kwa vidole, na usikanyage mzizi kwa urefu wake, uvuke. Kipande cha juu kabisa, karibu na ukingo, ndicho kikali zaidi, mizizi ndiyo ngazi na matawi ndiyo kamba. Hapo piteni mmoja mmoja.

Sasa swali ambalo kila kijana huniuliza: je, tunaweza kufika majini? Ipo njia ya kushuka kutoka ukingoni hadi ziwani, na wapo wanaoshuka. Lakini ukuta ule ni mita mia kadhaa za udongo laini na majani yaliyooza juu ya mwamba, na kila hatua unayoshuka utaipanda tena ukiwa umechoka. Msimamo wangu hauna kona: Ngosi ni ziwa la kutazamwa kutoka juu. Umelifikia ukifika ukingoni, hujapungukiwa na kitu. Kama wewe ni mpandaji mzoefu, ardhi imekauka kwa siku kadhaa, mwongozaji mwenyewe anakubali bila kubembelezwa na ana kamba, mmefika ukingoni kabla ya saa nne, basi mnaweza kulifikiria. Likikosekana moja kati ya hayo, bakini juu. Watoto wasishushwe kabisa.

Kuogelea sikushauri. Maji yanakuwa na kina karibu tu na ukingo wa maji, na katikati ziwa lina kina cha zaidi ya mita 70. Hakuna boti, hakuna mwokoaji, na mtu akikamatwa na mkakamao wa misuli hakuna wa kumfikia. Wala usiyanywe. Maji ya Ngosi yana chumvi, kwa sababu chini yake volkano haijapoa na majimoto yenye madini huingia ziwani kwa chini. Ndiyo maana Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, TGDC, inalichunguza eneo hili kwa ajili ya umeme. Wanajiolojia wanasema Ngosi ililipuka mara ya mwisho ndani ya miaka elfu moja hivi iliyopita, na kwa umri wa mlima hiyo ni jana.

Hapo kuna jambo lingine ambalo wageni wengi hawaambiwi. Ardhi ya Rungwe hupumua gesi ya kaboni dayoksaidi katika sehemu mbalimbali. Karibu na mlima Kyejo gesi hiyo huvunwa na kutumika viwandani, hata kwenye soda. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na hutulia mabondeni na kwenye mashimo asubuhi tulivu zisizo na upepo. Ndugu zetu wa Goma, wanaoishi chini ya volkano, wana jina lake la Kiswahili, huiita mazuku, na wanafundisha watoto wao tangu wadogo wasishuke kwenye mashimo fulani. Sikuambii haya ili uogope. Kwenye njia ya kawaida ya ukingoni, penye upepo, huna la kuhofia. Lakini usijilaze wala kupiga hema kwenye kishimo usichokijua, na ukiona wadudu au ndege waliokufa wamelala pamoja mahali pa chini, usisogee kutazama. Panda juu, uwaambie na wengine wapande.

Wagonjwa wa pumu wachukue dawa yao ya kuvuta na waiweke mfukoni, si kwenye begi lililobaki garini. Mwenye shinikizo la damu au moyo aongee na daktari wake kabla. Mtoto wa miaka minane aliyezoea kutembea anaweza kufika ukingoni vizuri akipewa muda. Mdogo wa hapo utambeba, na kumbeba mtoto mgongoni kwenye kipande kile cha mizizi si jambo la kufanyia majaribio.

Wazee je? Baba na mama zetu wengi wanataka kuona ziwa la mlimani na magoti hayaruhusu. Msiwaache nyumbani. Wapelekeni Ziwa Masoko, kilomita kama kumi na tano kutoka Tukuyu. Nalo ni ziwa la kreta, dogo, la duara, na gari hufika karibu kabisa na maji. Kando yake kuna jengo la mawe lililojengwa wakati wa Wajerumani, na wenyeji watakusimulia juu ya fedha zinazodaiwa kuzamishwa humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mzee atakaa kwenye kiti chini ya mti, atapigwa na upepo wa ziwa, atakula na wajukuu. Na wale wenye hamu ya kuogelea waendelee hadi Matema, Kyela, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, nao wawaulize wenyeji kwanza wapi ni salama na wapi mamba hupita, hasa karibu na midomo ya mito. Mtu akipanga siku tatu, moja ya Ngosi, moja ya Masoko na Daraja la Mungu kule Kiwira, moja ya Matema, familia nzima inarudi imeridhika na hakuna aliyelazimishwa kupanda mlima asioutaka.

Chakula beba mwenyewe, mlimani hakuna duka. Ukipita Uyole, au Isyonje njiani, asubuhi utakuta ndizi, viazi vya kuchemsha, mahindi na parachichi. Chupa ya chai ya moto yenye tangawizi pale juu ina thamani kuliko soda tano. Moto usiwashe, nyama choma iache kwa ajili ya Tukuyu. Msitu huu ukionekana umelowa haimaanishi hauungui, na majani makavu yaliyo chini ya matete na mianzi hushika haraka mwezi wa Oktoba.

Na takataka. Hapa naomba nisikilizwe, maana hili linaniuma. Mara ya mwisho nilipokaa ukingoni nilihesabu, kwenye eneo linaloweza kufunikwa na mkeka mmoja, vifuniko saba vya chupa, karatasi za peremende, pampasi ya mtoto iliyofungwa vizuri kabisa, na chupa mbili zilizorushwa chini ya ukuta ambako hakuna mtu atakayeweza kuzifuata. Aliyezirusha alizirusha kuelekea lile ziwa alilokuja kuliona. Kutoka milima hii ya Poroto maji hushuka kusini kwa mto Kiwira hadi Ziwa Nyasa, na kaskazini hadi bonde la Usangu na Ruaha Mkuu, kunakolimwa mpunga unaoliwa hadi Dar es Salaam. Beba mfuko mmoja wa ziada, wa kitambaa au gunia dogo, weka taka zako zote humo, na ukiweza okota na za aliyekutangulia. Nimeona kundi la wanafunzi wakifanya hivyo bila kuagizwa, kila mmoja akishuka na vitu vitatu mkononi, na haikuwachelewesha hata dakika moja.

Spika iache garini. Mbega wa msitu ule, wale weusi wenye mikia mirefu na mabega meupe, huwasikia kabla hujawaona, na muziki ukilia hutawasikia wala kuwaona. Usichonge jina lako kwenye gome. Usichimbe ua la porini kwa ajili ya kulipeleka nyumbani, na hiyo migomba mwitu unayoikuta njiani haizai ndizi za kula, iache na majani yake. Ukitaka kurusha droni, kibali chake ni cha mamlaka husika na hukiombi pale getini. Na ukikuta wenyeji wa Kisafwa au wa Kinyakyusa wako kimya mahali fulani, nawe nyamaza. Kwa wazee wengi ziwa hili si kivutio, lina heshima yake na simulizi zake, na mwongozaji wako atakueleza ukimuuliza vizuri, kwa wakati wake. Ukishuka mwambie "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa. Atafurahi, na bei ya mkono wa asante iwe yako mwenyewe, bila kusubiri aombe.

Ukirudi njia panda kabla ya saa kumi na moja, magari ya kwenda Mbeya bado ni mengi. Baada ya kiza yanapungua, na yanayopita yamejaa kutoka Kyela. Kwenye vibanda vya barabarani akina mama huuza viazi na karoti kwa ndoo, na ukiwa na nafasi ya mzigo nunua hapo hapo kwa waliolima. Omba maji ya kunawia viatu kabla tope halijakauka, maana udongo ule mweusi wa volkano ukishashika kwenye nyuzi, hata kwa brashi hautoki. Shangazi yangu viatu vyake vya siku ile anavyo mpaka leo, na doa lake liko pale pale kifundoni. Mwaka jana Agosti alinipigia simu kuniuliza tunapanda lini tena. Tulianza saa mbili na robo asubuhi. Saa tano kasoro alikuwa amekaa kwenye mzizi, kitenge mabegani, kikombe cha chai mkononi, na mbele yake ziwa lilikuwa wazi lote.